SHA Inalipa Hospitali Vipi? Hilo Ndilo Swali

Kama mshahara wako ni Sh50,000, kila mwezi SHA inakula Sh1,375 kabla pesa ziingie kwa akaunti. Hiyo ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kama unajitafutia kwa bodaboda, kinyozi ama kazi za mtandaoni, kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipozikwa, kelele zimekuwa za hayo makato tu. Sawa, tupige kelele. Lakini uliza pia hili: pesa ikishakutoka, hospitali inalipwa kwa njia gani?

Sikumaliza chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Mlipe fundi kwa siku, kazi itavuta. Mlipe kwa kazi nzima, atamaliza mbio, na pengine ailipue. Hospitali ni vivyo hivyo. Ikilipwa kwa kila kipimo, utapimwa hadi ushangae. Ikipewa kiasi kimoja kwa kila mtu aliyejisajili, awe mgonjwa ama mzima, basi kila dawa unayopewa inapunguza faida yake.

Wamarekani wameipitia hii. Mwaka 1973, Rais Nixon alitia saini sheria ya kukuza mashirika ya bima yanayosimamia matibabu: yanakuchagulia daktari, na mambo makubwa lazima yaidhinishwe kwanza. Miaka ya 90 mfumo huo ulienea, na gharama zikatulia kweli. Kuanzia 1993 hadi 2000, matumizi ya afya yalibaki karibu asilimia 13 ya uchumi wao.

Lakini wagonjwa walilipia kwa njia nyingine. Mama alikuwa anajifungua na hata siku moja haijaisha anaambiwa aende nyumbani, kwa sababu kitanda ni gharama. Hasira zilipanda hadi mwaka 1996 Bunge lao likapitisha sheria: bima inayogharamia uzazi isibane mama chini ya saa 48 akijifungua kawaida, ama saa 96 akifanyiwa upasuaji. Watu walipoukataa ubanaji huo, bima zikalegeza, na gharama zikaanza kupanda tena. Leo ziko juu ya asilimia 17.

Sasa rudi hapa kwetu. SHA nayo ina viwango vyake. Ilipoanza, kujifungua kawaida kulipangiwa Sh10,000, kwa upasuaji Sh30,000. Sisemi daktari wako ni mwizi, na upasuaji huokoa maisha. Nasema tu kwamba bei imeegemea upande mmoja. Kulazwa nako kunalipwa kwa siku. Kwa hivyo usishangae kwamba mwaka 2025, Wizara ya Afya iliposimamisha vituo kadhaa kwa madai ya ulaghai, moja ya mbinu zilizotajwa ni kumwandika mgonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani kama amelazwa. Ulaghai ni ulaghai, lakini hufuata mahali malipo yamenona.

Ndiyo maana wimbo wa "tupunguze gharama" hautoshi. Ukibana malipo bila kukagua huduma, hospitali itakubana wewe. Ukilipa kila kitu bila kuuliza, mfuko utakauka, na makato yatapanda tena. Serikali ikitangaza kiwango, itangaze pia ni huduma gani lazima upate kwa hicho kiwango, na nani atakagua.

Wewe nawe una kazi. Ukiambiwa ulazwe, uliza kwa nini. Kabla uweke kidole ama utoe ile namba ya siri iliyotumwa kwa simu, uliza wameandika nini kwa jina lako. Si ukorofi. Ni pesa zako, na ni mwili wako.