Tarodi mbaya ni hatari kwa macho

Ndugu mtumishi, wengi wetu tuna ateliye ndogo nyumbani, ya kutengeneza kinga, pompi au mlango. Ni jambo jema. Lakini wengine hununua sokoni sanduku la tarodi na filieri 40 kwa bei ndogo, wakifikiri wamepata faida. Mimi sikubali.

Tarodi ni ngumu lakini haipindi: inavunjika ghafula, na kipande kinaweza kuruka mpaka jichoni. Ile ya chuma kibaya inapoteza makali upesi. Hapo unaizungusha kwa nguvu, nayo inavunjika.

Afadhali ununue vipimo 3 tu, M6, M8 na M10, vya chuma kizuri chenye alama HSS. Kwa kila kipimo chukua tarodi 3 za mkono: ya kuanza, ya kati na ya kumaliza. Nunua na mshiko wake, usitumie koleo. Tundu la visi za kawaida litobolewe hivi: M6, milimita 5, M8, milimita 6,8, M10, milimita 8,5. Likiwa dogo kupita hapo, tarodi itakwama. Tia mafuta, na kila nusu ya mzunguko uirudishe nyuma kidogo.

Vaa miwani ya kazi, hata nyumbani. Kipande kikiingia jichoni, usilisugue, wala usikitoe kwa sindano au kijiti cha kiberiti. Funika jicho bila kulikandamiza, uende upesi kwenye dispanseri. Bei ya miwani ni ndogo. Jicho likipotea, jamaa yote inaumia.