MASHAURI KWA WENYE MAGARI: Gurudumu la Mbele Likianza Kulia

Wenye malori wengi wa Kakamega hutunza injini vema. Hupima mafuta kila asubuhi, hutia maji katika rejeta, na sauti ikibadilika kidogo tu humwita fundi. Lakini beringi za magurudumu ya mbele husahauliwa, kwa kuwa zimejificha ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, wala hazionekani mpaka siku ya balaa. Nazo ndizo zibebazo uzito wote wa mbele, pamoja na roho za watu waliomo.

Mfano wake ni mkulima wa upande wa Malava mwenye lori kuukuu la kupelekea mahindi sokoni. Anasikia mvumo upande wa kushoto, na gurudumu linatikisika. Mpita njia mwenye spana anamshauri, "Kaza nati ya habu, mzee, mtikisiko utakwisha." Nati inakazwa kwa nguvu zote, na kweli mtikisiko unakwisha. Mkulima anafurahi. Kumbe ugonjwa haukuponywa, umefungiwa ndani. Rola zinabanwa na kupata moto, grisi inayeyuka na kutoka, chuma kinasuguana na chuma. Baada ya muda beringi husagika, na gurudumu laweza kuchomoka lori likiwa katika mwendo. Kila ateremkaye kwenda Kisumu kwa njia ya Majengo na Kiboswa na afikiri maana yake. Mji wa Kakamega u juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134. Huo si mteremko wa kushukia kwa magurudumu matatu.

Kosa la mshauri yule ni kudhani kwamba nati ya habu ni sawa na nati nyingine. Beringi za malori mengi ya zamani zina rola zilizo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi wa beringi za namna hii mwaka 1898. Yeye alitaka gurudumu listahimili uzito utokao juu, na pia msukumo wa pembeni katika kona. Kila gurudumu la mbele lina beringi mbili zinazoelekeana, kubwa kwa ndani na ndogo kwa nje, na nati iliyo mwisho wa ekseli ndiyo ipimayo nafasi yake. Ikilegea mno gurudumu hucheza. Ikikazwa mno rola huungua.

Adui mwingine ni maji. Kakamega hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na njia nyingi za shambani ni za udongo. Lori likishuka mlima, breki hutia habu moto. Likiingia kijitoni papo hapo, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, na maji ya matope huvutwa kupita sili iliyochakaa. Grisi ikigeuka rangi na kuwa kama uji, maji yamekwisha kuingia.

Kazi hii yaweza kufanywa nyumbani na mtu mwangalifu. Kwanza lori lisimamishwe mahali palipo sawa, breki ya mkono ivutwe, na kabari zitiwe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Likiisha kuinuliwa kwa jeki, ekseli ilazwe juu ya stendi imara ya chuma. Matofali yasitumiwe, kwani hupasuka ghafula. Kisha gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki. Mchezo ukikoma, ubovu ni wa beringi. Ukiendelea, yafaa kingpini zichunguzwe.

Ni vizuri kumaliza gurudumu moja kabla ya kufungua la pili, ili lile lisilofunguliwa liwe kielelezo. Tena ikumbukwe kwamba katika baadhi ya malori ya zamani ya Uingereza nati za magurudumu ya kushoto hufunguliwa kinyume. Vumbi la breki lisipulizwe, kwa maana breki za zamani zilikuwa na asbesto, idhuruyo mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Beringi zikisafishwa kwa mafuta ya taa, hali yake huonekana. Yenye vishimo, au iliyogeuka buluu kwa moto, imekufa. Pete ya nje na rola zake hubadilishwa pamoja, na namba iliyochorwa juu ya beringi ndiyo ya kumwonyesha mwenye duka. Pete ya zamani hutolewa kwa kugongwa kwa kipande cha shaba, huku na huku kwa zamu, isiende upande. Mpya huingizwa vivyo hivyo mpaka sauti ya nyundo ibadilike na kuwa nzito, dalili kwamba imekaa. Grisi ya beringi za magurudumu isukumwe kwa kiganja hadi itokeze kati ya rola, wala isichanganywe na ya zamani. Sili nayo iwe mpya, mdomo wake ukielekea beringi.

Sasa yaja ile nati. Ikazwe kwa spana huku gurudumu likizungushwa, ili rola zikae mahali pake. Kisha ilegezwe, na kurudishwa kwa vidole tu mpaka iguse. Kitabu cha kiwanda kikiwapo, kipimo chake kifuatwe. Mwisho itiwe pini mpya ya kupinda. Ya zamani isirudishwe hata ikionekana nzima.

Baada ya mwendo wa maili chache lori lisimamishwe, na habu iguswe kwa hadhari. Ikiwa na uvuguvugu, ni heri. Ikiwa mkono hauwezi kukaa, nati imebana, na ilegezwe kabla ya kuendelea. Lakini ekseli yenyewe ikiwa imelika au kubadilika rangi, au pete ikizunguka ovyo ndani ya habu, kazi hiyo imepita uwezo wa nyumbani; lori lisitembezwe mpaka fundi mwenye karakana alione.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkulima wa Malava angelishughulikia mvumo ule siku alipousikia, angepoteza siku moja ya kazi na bei ya beringi mbili. Akiridhika na nati iliyokazwa, huenda akapoteza lori, mahindi, na wale waliopanda juu ya magunia kwa kumwamini.