TAHARIRI: Kufagia mtaa si kumfagilia mtawala

Makamanda, tusidanganyane. Kila anayekaa Karatu mjini anaijua njia moja ambayo mama yake haipiti baada ya saa moja jioni. Hatuna haja ya kuitaja. Ni ule uchochoro wenye magugu ya kufika kiunoni, mtaro uliojaa chupa na nepi, na pembeni kiwanja ambacho mwenyewe haonekani miaka nenda rudi. Mchana ni jalala, usiku ni maficho ya vibaka.

Hatua chache tu kutoka hapo inapita lami ya kwenda Lango la Loduare. Magari ya watalii yanapishana kutwa kwenda kreta na kurudi. Wageni wanaiona Karatu ya barabarani. Sisi tunaishi Karatu ya nyuma.

Tumeliandika hili kwa sababu kuna ubishi kati yetu. Vijana wa baadhi ya vitongoji wanataka kushika fagio na fyekeo, na wenzao wanawauliza: "Kwa nini tuwafanyie kazi walioshika halmashauri? Si wanakusanya ushuru?" Swali ni halali, na linastahili jibu la maana.

Tuanze na usalama wenyewe. Kibaka hahitaji mambo mengi, anahitaji pa kujificha na pa kukimbilia. Ukifyeka magugu, umemnyang'anya la kwanza. Ukizibua mtaro na kufungua njia, watu wanaanza kupita, na njia yenye watu inajilinda. Kuna na hatari zisizokuwa na sura ya mtu. Mabaki ya bucha yakitupwa hovyo yanaita mbwa wa mitaani, na kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba. Kwa wenzetu wanaopakana na hifadhi, mifupa hiyo hiyo inamwita fisi. Kule Endulen na Nainokanoka mfugaji anajua kwamba mfuko wa plastiki tumboni mwa ng'ombe ni hasara isiyolipwa na mtu, na ndiyo maana katazo la mifuko hiyo la tarehe 1 Juni 2019 lilimgusa moja kwa moja.

Haya si maneno ya kijiweni tu. Katika jiji la Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa wakavigawa kwa bahati nasibu: vingine vikasafishwa, vingine vikaachwa vilivyo. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Kwenye mitaa maskini zaidi, mashambulizi ya bunduki karibu na viwanja vilivyosafishwa yalipungua kwa asilimia 29. Hakukuwa na kamatakamata. Walitoa taka, wakapanda nyasi na miti, wakaweka uzio mfupi wa mbao.

Lakini wazo hilo hilo lina upande mwingine. New York ya miaka ya 1990 ilichukua hoja kwamba uchafu na vioo vilivyovunjika vinazaa uhalifu, ikaitumia kukamata vijana maskini kwa makosa madogo madogo. Sisi tunaujua upande huo vizuri. Hapa kwetu unaitwa "uzururaji", na bodaboda yeyote aliyewahi kuzolewa kijiweni usiku atakusimulia. Kwa hiyo tuseme wazi: tunataka mtaa usafishwe taka, hatutaki usafishwe vijana.

Sasa turudi kwenye ubishi. Tarehe 9 Desemba 2015 hayati Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaagiza nchi nzima ifanye usafi. Baadaye ikawa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wazo halikuwa baya. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi limebaki amri: funga duka hadi saa nne, usipofunga faini, kiongozi anapigwa picha na fagio jipya, Jumatatu takataka ziko palepale kwa sababu gari la kuzizoa halikuja. Rwanda nao wana Jumamosi yao ya mwisho wa mwezi, Umuganda. Nayo ni ya lazima, na hilo hatuliigi. Ila wana jambo moja la kuazima: wakimaliza kazi wanakaa kikao, wanazungumzia mambo ya mtaa wao.

Hapo ndipo jibu letu lilipo. Tufagie, kisha tukae, kisha tudai. Karatu ilikuwa na mbunge wa upinzani tangu 1995 hadi 2020. Halafu ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, na jinsi wagombea wetu walivyoenguliwa kila mmoja wetu anakumbuka. Hatuna kiti. Lakini hakuna fomu ya kuchukua ili ufyeke uchochoro anaopita mdogo wako kwenda shule.

Mapendekezo yetu ni haya. Kila kundi lichague njia moja tu, ile inayoogopwa zaidi. Waulizwe kina mama kwanza, maana wao ndio wanaijua. Mwenyekiti wa kitongoji ajulishwe hata kama si wa chama chetu. Bendera na fulana za chama zibaki nyumbani, ili jirani wa CCM naye ashike reki bila kujihisi ametekwa. Baada ya kazi, watu wakae chini ya mti na kuandika madai: taa, vizimba vya taka, siku maalumu ya gari, na mwenye kiwanja pori aitwe. Madai hayo yapelekwe kwenye mkutano wa wananchi, ule ambao mapato na matumizi yanapaswa kusomwa kila miezi mitatu. Tuulize ada ya taka imekwenda wapi. Tuulize na ile asilimia 4 ya mikopo ya vijana, maana kundi linalozoa taka ni mradi halali wa kukopeshwa.

Mtu aliyekaa nyumbani akilalamika ni rahisi kumpuuza. Aliyesafisha njia kwa mikono yake kisha akauliza "taa iko wapi?" ni vigumu kumjibu kwa porojo.

Kazi iendelee kudaiwa, fagio likiwa mkononi.