Simu Isikilize, Zahanati Itoe Dawa

KUTOKA GATINI
Na Mlinda Gati

Katika maradhi yote yampelekayo mja kwa tabibu, kifafa ndicho ambacho tabibu aghalabu hakioni. Kwani mgonjwa afikapo hospitali huwa amekwisha kuzinduka, ameketi kwenye benchi kama watu wengine, na yaliyomsibu usiku hayajui yeye mwenyewe bali huyajua mama aliyemshika au ndugu aliyelala naye chumba kimoja. Macho yaligeukia upande gani? Mkono upi ulitangulia kutikisika? Alijing'ata ulimi? Maswali hayo yataka shahidi aliyeona na sikio lililotulia, na vyote viwili hupita katika simu. Victor Patterson, tabibu wa neva wa Ireland ya Kaskazini, alikwisha kulitambua hilo kabla ya Korona, akatunga kutokana na habari za wagonjwa wa Nepal programu ya simu yenye maswali machache, ili mhudumu asiye daktari aweze kukisia kama aliyeanguka ana kifafa au la.

Kwetu Tanzania mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zikafungwa, lakini watu hawakufungiwa majumbani. Kilichowazuia wengi ni hofu: mtu aliyebakiwa na vidonge vya juma moja aliona heri akae kwake kuliko kwenda kubanana na wanaokohoa. Na fenobabitoni, dawa ya kifafa iliyo rahisi na ya zamani, haiachwi ghafla, maana kuikatiza kwaweza kuleta degedege lisilokoma, ambalo huua.

Najua kuna atakayeniambia kwamba mashauri ya simu hayana haja tena, maana tangu Juni 2025 tuna daraja la kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria kutoka Kigongo hadi Busisi, na kwamba maneno ya kungoja feri yamekwisha. Namkubalia nusu. Daraja limefupisha maji, halikufupisha nauli ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kurudi, wala siku ya kazi inayopotea kwa mama anayeanika dagaa, ambaye dagaa wake hawangoji jua la kesho. Fauka ya hayo, mwenye kifafa safari yenyewe humtisha, kwani akianguka mbele ya abiria, wapo ambao hata leo watajitenga naye wakiogopa povu la kinywani, ilhali maradhi haya hayaambukizwi kwa mate.

Lakini simu nayo ina fitina zake. Nyumba nyingi za huku zina simu moja, nayo ni ya mume. Na binti aliyeolewa akaificha hali yake kwa wakwe, atazungumzaje na tabibu sebuleni? Mashauri ya simu yasiyompatia mgonjwa faragha yatamfichua yule yule ambaye yalikusudiwa kumsitiri. Ningependa simu hiyo iwe mezani kwa muuguzi wa zahanati, mlango umefungwa, mgonjwa na shahidi wake wameketi, na bingwa yuko upande wa pili mjini.

Na hapo ndipo penye hoja yangu, kwa kuwa simu haibebi kidonge. Shirika la Afya Duniani lasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Nasi tunao ushahidi wa nyumbani, maana Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa huko Mahenge tangu mwaka 1960, mbali na mji wowote mkubwa. Taabu ni kwamba fenobabitoni imo katika dawa zinazodhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa, na udhibiti huo usigeuke kuwa sababu ya kabati tupu. Zahanati ipewe idhini ya kutoa vidonge vya miezi mitatu kwa mgonjwa aliyekwisha kuthibitika, daftari litunzwe, na bingwa apigiwe simu pale tu dozi inapotaka kubadilishwa.

Tukiwa tunangoja hayo, wenye simu za picha wamsaidie tabibu kwa kuchukua picha jongefu ya mgonjwa anapoanguka, uso na mikono vionekane, mwingine akimlaza ubavu na kuondoa moto na vyombo vya karibu, wala pasiwe na wa kumtia kijiko mdomoni. Dakika tano zikipita naye angali akitikisika, kupiga picha kukome, na simu hiyo imwite bodaboda au gari la wagonjwa.