Ndoana Moja, Samaki Wengi

Katika Ziwa Victoria, ndoana na mshipi vinatosha kumkutanisha mvuvi na samaki wa tabia zilizo mbalimbali kabisa. Sehemu kubwa ya raha imo katika kutojua ni yupi aliyegusa chambo.

Furu ndiye wa kwanza kwa wengi, hasa watoto: ndoana ndogo, kipande cha mnyoo na ufito mwepesi kando ya miamba. Ni mdogo, lakini dume mwenye rangi zake za nyekundu, manjano au samawati hana mshindani kwa uzuri ziwani humo. Jike hutunza mayai kinywani. Sato hudonoa kwa hadhari. Anayemtaka hukaa kimya, macho kwenye chelezo.

Kambare hutafuta chakula zaidi usiku, kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu, hivyo chambo chenye harufu kali humfaa. Kamongo hukaa kwenye matete na hupanda juu kuvuta hewa kwa mapafu yake. Hapo ndipo hujulikana alipo. Taya zake zina nguvu, basi hushikwa kwa uangalifu mkubwa.

Sangara ni mwingine kabisa. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawapunguza furu kwa kiasi cha kusikitisha, naye aweza kufikia kilo 200. Hufuatwa kwa samaki mdogo aliye hai, au samaki wa bandia anayekokotwa nyuma ya mtumbwi. Akinaswa huruka juu ya maji akitikisa kichwa, na mshipi ukilegea hapo, huponyoka.