DAMU MBAYA NI MANENO TU

Wahenga walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Kunradhi wazee wetu, leo nataka kuwapinga kidogo.

Dadangu mdogo ana miaka 9 na anaugua selimundu, ule ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Akishikwa na maumivu ya mifupa usiku, nyumba nzima hailali, na asubuhi mimi huja shuleni nikisinzia njiani. Lakini linaloniuma zaidi ni maneno ya watu: "Hiyo ni damu mbaya ya ukoo wao. Amezaliwa nayo, mtafanyaje?" Mama aliposikia hivyo kila siku alikata tamaa, akakaa karibu mwaka mzima bila kumrudisha kliniki. Hata humu shuleni nimewasikia wenzangu wakiyasema. Maoni yangu ni kwamba maneno hayo si kweli, tena yanaweza kuua.

Hebu tuitazame seli. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufika mita 2 hivi, lakini hukaa ndani ya kiini ambacho jicho haliwezi kukiona. Vipi? Huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama kamba ya ng'ombe inavyozungushwa kwenye kigingi. Pale ilipolegea, jeni husomeka na kufanya kazi. Pale ilipokazwa sana, jeni ipo lakini imenyamaza. Hata DNA ikiharibika, vimeng'enya vya kuitengeneza hupata shida kuifikia mpaka mafundo yalegezwe kwanza.

Sasa turudi kwa damu. Tulipokuwa tumboni mwa mama, sote tulitumia himoglobini ya utotoni, ambayo ina jeni zake. Kosa la selimundu haliko huko. Liko katika jeni nyingine, ya himoglobini ya ukubwani, na ni la herufi moja tu! Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A hushirikiana na nyingine kuzifunga zile jeni za utotoni. Ndiyo sababu mtoto huanza kuugua miezi kadhaa baadaye. Kumbe dadangu anazo jeni nzima, ila zimefungwa tu!

Jambo hili si ndoto. Tembe za haidroksiyurea huongeza himoglobini ya utotoni. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya majaribio kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda: maumivu, malaria na vifo vilipungua. Na mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayopunguza BCL11A katika seli zinazotengeneza damu, ili zile jeni zilizonyamaza zizungumze tena. Bei yake huko Marekani ni zaidi ya dola milioni 2, kwa hivyo sisi watoto wa wakulima tutaisikia tu kwa sasa. Lakini tembe zipo.

Najua kuna atakayeniuliza, "Kwani ati hatukurithi kitu?" Tumerithi, sikatai. Lile kosa la herufi moja bado liko kwa dadangu, na tembe hazijalifuta. Ninalokataa ni kusema kwamba aliyerithi amekwisha hukumiwa. Kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni kufanya kazi ni jambo lingine.

Mwaka jana tulimrudisha kliniki, akaanzishiwa tembe. Bado huumwa, lakini usiku wa vilio umepungua, na muhula huu hajakosa shule sana.

Ombi langu ni hili. Wanafunzi wenzangu, ukimjua mtoto mwenye selimundu, usimwambie mamaye habari za damu mbaya. Mwambie ampeleke kliniki akaulizie tembe. Nanyi walimu wetu, mnapotufundisha urithi, msiishie kwenye kile kijedwali cha herufi kubwa na ndogo. Tuambieni pia kuwa jeni hufungwa na kufunguliwa.

Wahenga hao hao walisema penye nia pana njia. Hapo nakubaliana nao kabisa.