Mlima Kenya si safari ya mwisho wa juma

Katika miaka ya hivi karibuni wakazi wa mijini, hasa vijana, wamepata mtindo mpya wa kujiburudisha. Badala ya kuzimaliza Jumamosi na Jumapili vilabuni, marafiki kumi au kumi na watano huchanga pesa, wakakodi matatu, wakafunganya mahema na sufuria na kuelekea milimani. Hili ni jambo la kupongezwa. Kutembea kwa miguu huimarisha moyo, husaidia kupunguza uzito na humwondolea mtu uchovu wa akili unaoletwa na kazi na misongamano ya magari.

Hata hivyo, iko safari moja kati ya hizo ambayo yafaa ikomeshwe na wale wenyewe wanaoiandaa. Hiyo ni safari ya kupanda Mlima Kenya kuanzia Ijumaa asubuhi na kurejea nyumbani Jumapili usiku.

Hebu msomaji afanye hesabu. Jiji la Nairobi liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayepitia njia ya Sirimon hulala usiku wa kwanza katika kambi ya Old Moses, mita 3,300. Usiku wa pili hulala kambi ya Shipton's, mita 4,200. Saa nane za usiku huo huamshwa ili apande hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, akalione jua likichomoza. Kwa muda wa siku mbili tu, mwili umepandishwa zaidi ya mita 3,200.

Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale alipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja bila ya kupanda. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900. Hiyo ni karibu mara mbili ya kiwango hicho, na siku ya kupumzika haimo kabisa katika ratiba.

Sababu ya ushauri huo ni hewa. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo shinikizo la hewa linavyopungua, na karibu na kilele kila pumzi humletea takriban nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu aliye Mombasa. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, lakini huhitaji siku kadhaa. Ukinyimwa siku hizo, huanza kulalamika: kichwa kinauma, chakula hakipendezi, kichefuchefu kinaingia, kizunguzungu kinafuata na usingizi hauji. Wengi hudhani kuwa ni njaa au uchovu wa safari.

Kwa watu wengi dalili hizo hutulia wakipumzika. Lakini kwa baadhi yao maji huanza kujaa mapafuni au ubongo huvimba. Mtu anayehema hali amekaa kitako, anayekohoa makohozi yenye povu, anayepepesuka kama mlevi au anayejibu maswali ovyo yumo hatarini, na anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Tiba yake kuu ni kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku, na asiteremke peke yake. Tembe za kusaidia mwili kuzoea hewa ya juu zipo, lakini zitumiwe kwa ushauri wa daktari, na hazichukui nafasi ya kupanda polepole.

Kosa lililo kubwa ni kudhani kuwa mwenye nguvu haguswi na maradhi haya. Anayekimbia kilomita kumi kila asubuhi huweza kuugua huku mwenzake mwenye kitambi akiendelea salama. Tena huyo mwenye nguvu ndiye hupanda mbio zaidi, na kupanda mbio ndiko kunakoleta maradhi.

Hapa ndipo urafiki unapoweza kugeuka sumu. Kijana aliye miongoni mwa rafiki zake huona aibu kusema kuwa kichwa chamuuma. Amelipa pesa zake, wenzake wanamtania, na hataki kuwa yeye aliyewaharibia safari. Naye kiongozi huchelea kuwaudhi walio wazima kwa sababu ya mmoja. Lakini mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Isitoshe, hatari nyingine hutokana na starehe za kambini. Pombe ya usiku huzidisha ukosefu wa maji mwilini na kudhoofisha upumuaji wakati wa usingizi, jambo baya sana penye hewa nyepesi. Baridi nayo huwafanya wengine waliingize jiko la makaa ndani ya hema. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyoonekana wala kunusika, na wanaoivuta hulala wasiamke. Jiko libaki nje, hata kama makaa yanaonekana kuzimika.

Kisha kuna barabara. Waliopanda Lenana alfajiri ya Jumapili wameamka tangu saa nane za usiku. Hushuka kwa miguu hadi langoni, wakaingia garini na kuanza safari ya kilomita 200 hivi kutoka Nanyuki hadi Nairobi gizani. Ikiwa dereva ni mmoja wa waliopanda, basi anayeshika usukani ni mtu ambaye angefaa kuwa kitandani. Dereva wa kikundi yafaa abaki chini, alale, awangojee wenzake.

Watakuwapo wanaosema kwamba mfanyakazi hana siku nyingi, na kwamba kila siku ya ziada mlimani ni chakula zaidi na ujira zaidi wa wapagazi. Hayo ni kweli. Ndiyo maana mlima uchaguliwe kulingana na siku zilizopo. Kwa mwenye siku mbili, Longonot una mita 2,776 nao hupandwa na kushukwa kwa siku moja, mradi mtu abebe maji ya kutosha. Vilima vya Ngong na Ol Donyo Sabuk viko karibu zaidi na jiji. Anayeutamani Mlima Kenya na aweke akiba mwaka mzima, achukue siku za likizo, aupande kwa siku tano au sita na kulala usiku miwili pale ambapo mwili unahitaji kuzoea.

Kwa waandalizi wa safari hizi, mambo matatu yangeokoa maisha. Kwanza, kila msafiri aulizwe faraghani kuhusu afya yake. Mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au pumu, na mama mjamzito, amwone daktari kabla ya kulipa. Pili, atakayetoka Mombasa au Kisumu asichukuliwe kama aliyekwisha kuzoea Nairobi. Tatu, kabla ya gari kuondoka, itangazwe mbele ya wote kuwa anayeumwa kichwa atasema, hatachekwa, na mtu wa kushuka naye amekwisha kuteuliwa kwa jina.

Hilo la tatu haligharimu hata senti moja. Kikundi kisichokuwa tayari kulitamka kabla ya safari hakifai kupita lango la mlima.